Meno ya mwanangu yamebanana: je, kutafuna vitu vigumu kutapanua taya lake?

Swali: “Habari daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka minane, tuko Morogoro. Meno yake ya utoto ya mbele yameng'oka, na haya ya ukubwani yameota yamebanana, hasa ya chini. Mawili yamepandana kabisa. Kaakaa lake limeenda juu na ni jembamba, kama paa la nyumba. Mama mkwe anasema kosa ni langu, nilimlea kwa uji, ndizi za kuponda na wali laini, wakati watoto wa zamani walitafuna mihogo mibichi na miwa ndiyo maana meno yao yalinyooka. Mume wangu naye ameona video za mtu anayesema ukitafuna bablishi ngumu saa nzima kila siku, misuli inakua na taya linapanuka, daktari wa nini. Tulimpeleka kwa daktari wa meno, akasema atahitaji kifaa cha kupanua kaakaa, na gharama yake si ndogo. Mtoto ni mzima, anakula vizuri, ila usiku analala mdomo wazi na anakoroma. Ni kweli misuli ya kutafuna ndiyo inayoumba taya? Tukianza kumpa vitu vigumu sasa tutaepuka hicho kifaa? Na je, ni mimi niliyemharibu?”

Jibu: Nianze na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Hapana mama, hukumharibu. Mtoto wa mwaka mmoja hulishwa uji na ndizi za kuponda kwa sababu hana magego, na hivyo ndivyo anavyopaswa kulishwa. Ukubwa wa meno yake kwa sehemu kubwa ameurithi kwenu wawili, na chakula hakiubadilishi: mataji (sehemu zinazoonekana juu ya fizi) ya meno yale ya mbele yaliyoota juzi yalikwisha kukamilika ndani ya taya alipokuwa na miaka minne au mitano. Kwa hiyo lililobaki la kuuliza ni kama mahali pa kuyaweka meno hayo pametosha, na kama hapakutosha, ni nini kilichopapunguza.

Mama mkwe wako hakukosea moja kwa moja. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili heshima. Mume wako pia ameshika kitu cha kweli, ila amekishika kwa upande usio na mpini. Na katika maelezo yako kuna jambo ulilolipitisha haraka mwishoni, baada ya neno “ila”, ambalo mimi lilinisimamisha hapo hapo. Nitalifikia.

Tuijue kwanza misuli yenyewe. Weka vidole vyako kwenye mashavu, karibu na pembe ya taya chini ya sikio, halafu uma meno kwa nguvu. Kinachovimba chini ya vidole ni masseta, msuli mnene unaotoka kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi kwenye pembe ya taya la chini. Pandisha vidole kwenye panda za uso, uma tena: hapo utasikia temporali, msuli uliotandazwa kama kipepeo cha jikoni upande wa kichwa. Ndani, usikoweza kufika kwa kidole, kuna mingine miwili kila upande, terigoidi ya ndani na ya nje. Hiyo ndiyo misuli minne ya kutafunia. Sasa fuatilia inakovuta. Mitatu inalivuta taya la chini kwenda juu ili meno yakutane. Ule wa nne hulisogeza mbele na kusaidia kulifungua. Hakuna hata mmoja ulioshikizwa kwenye meno. Hakuna hata mmoja unaolisukuma tao la meno, yaani upinde wa meno mdomoni, litanuke kwenda nje. Mtu akikwambia kwamba ukiikuza misuli hii tao litafunguka, muulize ni msuli gani, na unasukuma wapi.

Inafanya kazi gani basi katika umbo la taya? Inafanya kazi kupitia mfupa. Mfupa ni kitu hai. Unapotafuna, taya hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na chembe hai zilizo ndani ya mfupa huhisi huko kupinda na kujenga pale panapoelemewa. Mtoto anayekua huku taya likifanya kazi ya kutosha hujenga mfupa mnene zaidi na mrefu kidogo zaidi kuliko yule ambaye taya lake halifanyi kazi.

Ushahidi wa jambo hili ninaoupenda unatoka kwa mnyama tunayemfahamu sana huku kwetu, pimbi, yule wa kwenye majabali. Mwaka 2004 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliripoti walivyowalea pimbi makundi mawili: kundi moja walilipa chakula kilichopikwa kikalainika, jingine chakula kile kile kikiwa kibichi au kimekaushwa. Pimbi wa chakula laini walikua na uso mdogo zaidi katika sehemu za chini na za nyuma, tofauti ya takribani asilimia 10, na sehemu hizo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Pimbi walichaguliwa kwa sababu uso wao umekaa chini ya fuvu kwa namna inayofanana kiasi na wetu, tofauti na mbwa au panya mwenye pua ndefu mbele.

Kwa binadamu nako kuna dalili zinazoelekea huko. Mwaka 2011 Noreen von Cramon-Taubadel alilinganisha mafuvu ya jamii mbalimbali za dunia, za wakulima na za wawindaji, akaona kwamba umbo la taya la chini lilifuata namna watu wanavyojipatia chakula, wakati sehemu kubwa ya fuvu ilifuata nasaba zao. Mataya ya wawindaji yalikuwa marefu na membamba zaidi, ya wakulima mafupi na mapana zaidi. Taya fupi lenye meno ya ukubwa ule ule ni mahali pa kubanana. Ukifika kwa Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi na kuona mama akitafuna mzizi mgumu uliobabuliwa motoni kidogo tu, akafyonza utamu wake na kutema kishungi cha nyuzi, unaona kazi ambayo mataya ya binadamu yalikuwa yakiifanya kila siku kabla ya sufuria na unga wa mashine.

Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ya mama mkwe: chakula kigumu cha utotoni huchangia ukuaji wa mataya. Angalia lakini hapo hapo ukweli huo unapoishia. Mabadiliko hayo yanaonekana ukilinganisha maisha mazima ya jamii moja na nyingine, tangu mtoto anapoota magego mpaka anapokoma kukua. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mtoto wa miaka minane, meno yakiwa yamekwisha kubanana, akianza kutafuna mihogo mibichi leo, meno yatajipanga. Kuzuia ni jambo moja, kurekebisha ni jingine.

Hata uhusiano wa misuli na umbo la uso una mtego wa kujua kipi kilimtangulia mwenzake. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1983, William Proffit na Henry Fields waliona kwamba watu wazima wenye uso mrefu mwembamba huuma kwa nguvu isiyofika nusu ya wenzao. Ukiishia hapo utasema misuli dhaifu ndiyo iliyourefusha uso. Walipopima watoto wenye uso mrefu, hawakuona tofauti hiyo: watoto waliuma sawa na wenzao. Umbo lilikwisha kuonekana kabla ya udhaifu. Huenda basi kwa wengi uso ndio uliotangulia, misuli ikafuata. Upande wa pili wapo wagonjwa ambao kwao udhaifu wa misuli ndio ulioanza, kama wale wenye ugonjwa wa kurithi uitwao distrofia ya kimiotoni, na Stavros Kiliaridis na wenzake kule Sweden walionyesha kwamba hao mara nyingi wana uso mrefu, taya la juu jembamba na kaakaa lililopanda juu. Kwa hiyo misuli inahusika, ila haifanyi kazi peke yake, na si mara zote ndiyo inayoanza.

Sasa tufike kwenye tao lenyewe, ule upinde wa meno unaouona mtoto akifungua mdomo. Kama misuli ya kutafunia haiusukumi, nini kinauumba?

Jino halikupigiliwa ndani ya mfupa kama msumari kwenye mbao. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyingi fupi, na kati ya jino na mfupa kuna nafasi isiyofika nusu milimita iliyojaa nyuzi hizo na majimaji. Ukiuma mfupa wa kuku kwa nguvu kubwa, majimaji hayo hayapati muda wa kukimbia. Yanalipokea jino kama mto, mfupa unapinda kidogo, nguvu inaondoka na jino linarudi lilipokuwa. Nguvu kubwa ya sekunde moja hailihamishi jino mahali pake. Lakini nguvu ndogo kabisa, ya gramu chache, ikikaa hapo hapo kwa saa nyingi, majimaji hutawanyika taratibu, nyuzi upande mmoja hukandamizwa, chembe hai za kula mfupa huitwa kazini, na jino huanza safari. Waya wa kupanga meno hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Makadirio tunayofundishwa na kufundishana ni kwamba nguvu lazima ikae kama saa sita kwa siku ndipo jino lisogee.

Hebu tupige hesabu ya kutafuna. Hata mtoto anayekula polepole, muda ambao meno yake yanagusana kwa nguvu katika siku nzima ni mfupi mno. Kumeza nako, tukikadiria mara elfu moja kwa siku kwa sekunde moja kila mara, jumla ni dakika kama 17. Saa moja ya bablishi haifiki saa sita, tena si saa moja ya kusukuma mfululizo, ni vipande vipande vya kugusa na kuachia.

Nani anakaa kwenye meno saa sita, saa kumi, usiku kucha? Ulimi kwa ndani, midomo na mashavu kwa nje. Kwenye shavu kuna msuli uitwao buksineta. Wengi huuweka kwenye kundi la misuli ya kutafuna kwa sababu unasaidia kurudisha chakula juu ya magego, lakini ni msuli wa uso, na umelizunguka tao la meno kwa nje kama mshipi, ukikutana mbele na misuli ya midomo. Ulimi ukipumzika mahali pake, umelala juu kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, unalitegemeza tao la juu kwa ndani dhidi ya mshipi huo. Meno hukaa pale ambapo pande hizi mbili, pamoja na nyuzi za jino lenyewe, zinapatana. Kinachoamua ni muda, si nguvu. Ukilikumbuka hilo moja, video nyingi utazijibu mwenyewe.

Na hapo ndipo ninaporudi kwenye “ila” yako. Mtoto analala mdomo wazi na anakoroma. Mdomo ukiwa wazi usiku kucha, taya la chini linashuka na ulimi unashuka nalo. Kaakaa linabaki bila mtegemezo, huku mashavu yaliyovutika yakiendelea kubana kutoka nje, saa nane au tisa kila usiku, kwa mtoto ambaye mifupa yake bado laini ya kukua. Tao la juu linaelekea kuwa jembamba, lenye ncha mbele, na kaakaa linaonekana limepanda. Yaani ule ule mfano wako wa paa la nyumba.

Nisikuzidishie: si kila anayepumulia mdomo hupata kaakaa jembamba, na si kila mwenye kaakaa jembamba hupumulia mdomo. Nasaba ina mkono wake, na kunyonya kidole kwa miaka hufanya kazi karibu ile ile, kwani kidole huushusha ulimi na shavu likabana. Lakini Sten Linder-Aronson, aliyechunguza watoto wa Sweden waliozibwa na nyama za nyuma ya pua na kuchapisha kazi yake mwaka 1970, aliwakuta na tao la juu jembamba kuliko wenzao, na katika ufuatiliaji wa baadaye, waliotolewa nyama hizo wakaanza kupumulia pua, upana ulirudi kwa kiasi fulani. Kwa kiasi fulani, si wote na si kikamilifu. Kwangu hilo linatosha kusema hivi: kabla ya bablishi, kabla ya muwa, na kabla hata ya kifaa, pua ya mtoto huyu ichunguzwe.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayokuomba ni kumpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya rufaa ya mkoa itakuelekeza kama huyo hayupo hapo. Kabla ya kwenda, usiku mtoto akilala fofofo, kaa naye dakika kumi ukimrekodi kwa simu, picha na sauti. Angalia kama kuna wakati kifua kinahangaika lakini pumzi haipiti, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Kumbuka pia kama analowesha kitanda wakati alikwisha kuacha, kama anatoka jasho jingi akilala, kama asubuhi anaamka amechoka au mwalimu analalamika hatulii darasani. Hayo yakiwepo, usisubiri miezi. Kukatika kwa pumzi usingizini ni tatizo kubwa kuliko meno, na linatibika. Kama ni mzio tu, matibabu yanaweza kuwa dawa ya kupulizia puani na kuondoa moshi chumbani: dawa ya mbu ya kuchoma, jiko la mkaa, vumbi la zulia.

Naomba unisikilize na hapa, kwa sababu nimewaona watoto walioumizwa. Mtoto anayekoroma na kukohoa usiku, katika mitaa yetu hakosi mtu wa kusema akatwe kimeo. Kimeo hakizibi pua, na kukikata hakuondoi kukoroma kwa nyama za nyuma ya pua. Kunaleta damu nyingi na maambukizi yanayoweza kuua. Na kama alipokuwa mchanga aliwahi kutolewa yale yanayoitwa “meno ya plastiki”, niambie au umwambie daktari wake bila aibu yoyote. Yale hayakuwa ugonjwa. Yalikuwa chonge za utoto zikiwa bado ndani ya fizi, na mkono ulioyachokonoa unaweza kuwa umezigusa mbegu za chonge za kudumu zilizo chini yake. Hilo hubadilisha mpango mzima wa meno, na linaonekana kwenye picha ya eksirei.

Sasa meno yenyewe. Kwa umri wa miaka minane, kubanana kidogo kwa meno ya mbele ya chini ni jambo la kawaida sana. Meno ya kudumu ya mbele ni mapana kuliko ya utoto yaliyoyatangulia, na upungufu wa hadi milimita mbili hivi katika umri huu mara nyingi hujirekebisha. Kuna akiba pia ambayo wazazi wengi hawaijui. Magego ya utoto ni mapana kuliko meno ya kudumu yatakayochukua nafasi yake, na yakidondoka kwa wakati wake, kwenye miaka kumi hadi kumi na miwili, taya la chini hubakiza wastani wa milimita mbili na nusu kila upande, la juu kama moja na nusu. Daktari mwenye subira anaweza kuilinda akiba hiyo kwa waya mdogo unaozuia magego ya nyuma yasisogee mbele, na kubanana kwingi kukamalizika bila kung'oa jino.

Akiba hiyo hupotea kwa njia moja rahisi: magego ya utoto yakioza na kung'olewa mapema. Lile gego la kudumu lililoota miaka sita husogea mbele na kukaa juu ya nafasi ya mwenzake. Ndiyo maana ushauri wa muwa kila siku unanitia hofu, tena kwa mtu wa Morogoro ambako muwa haukosi barabarani. Kutafuna muwa ni kuyaogesha magego hayo kwenye sukari dakika nyingi mfululizo. Muwa mara moja moja, pamoja na chakula, kisha maji, hauna neno. Muwa kama dawa ya meno kupangika utamletea mtoto ule ule msongamano unaoukimbia. Ukitaka kumpa kazi ya kutafuna, na mimi naunga mkono sana, mpe mahindi ya kuchoma, karoti mbichi, embe bichi lililokatwa, nyama isiyosagwa, karanga kwa kuwa umri wake unaruhusu, makande yenye punje zinazosikika. Mwache atafune pande zote mbili, asisukumie tonge kwa soda. Atafaidika mfupa, mate na tumbo. Usimwahidi tu kwamba meno yatanyooka.

Bablishi ngumu ya saa nzima kila siku siishauri kwa mtoto, wala kwa baba yake. Misuli itakua kweli: masseta ni msuli kama wa mkono, ukiufanyisha mazoezi unanenepa, na uso wa mtu mzima unaweza kuonekana wa pembe nne zaidi. Nadhani ndicho wanachokionyesha kwenye video, picha ya kabla na ya baada. Kilichonenepa ni nyama, tao la meno liko pale pale. Gharama yake huwa maumivu ya kifundo cha taya mbele ya sikio, kichwa kuuma kwenye panda za uso, na taya linalolia kila ukifungua mdomo. Zile video za kusukuma kaakaa kwa ulimi kwa makusudi nazo zina kasoro ya hesabu ile ile: hakuna mtoto atakayesukuma saa sita. Ulimi ukae juu wenyewe wakati wa kupumzika, na hilo haliwezekani kama pua imeziba.

Tuje kwenye kifaa. Aliyekishauri huenda yuko sahihi kabisa. Taya la juu limeundwa kwa nusu mbili zilizounganishwa katikati ya kaakaa kwa mshono, na kwa mtoto mshono huo bado haujakazana. Kifaa chenye skrubu katikati hushikizwa kwenye magego, na mzazi hukizungusha kidogo kwa ufunguo, kwa kawaida robo milimita kwa kila mzunguko mdogo, mpaka nusu hizo zinaachana kidogo na mfupa mpya kujaza katikati. Mara nyingi mwanya hutokea kati ya meno mawili ya mbele. Usiogope, ndiyo dalili kwamba mshono umefunguka, na hujifunga. Kisha kifaa huachwa miezi kadhaa bila kuzungushwa ili mfupa ukomae, maana ukikitoa mapema mashavu yatalirudisha tao lilipokuwa. Na kama bado analala mdomo wazi, hatari ya kurudi ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu nasisitiza pua kwanza, au angalau sambamba.

Taya la chini halina mshono wa kufungua. Nusu zake huungana kuwa mfupa mmoja mtoto anapokaribia mwaka wa kwanza. Kwa hiyo yeyote akikwambia kifaa kitalipanua taya la chini namna ile ile, muulize vizuri, kwa sababu anachoweza kufanya huko ni kuyainamisha meno kwenda nje, na mashavu na midomo vina kauli juu ya hilo.

Je, kinahitajika sasa? Hapa sitaamua bila kumwona. Nitakwambia ninachokiangalia mimi. Mwambie aume meno taratibu na umuangalie kwa mbele. Kwa kawaida magego ya juu hukaa nje kidogo ya yale ya chini, kama kifuniko cha chungu. Yakiwa yameingia ndani, upande mmoja au pande zote, hasa kama taya la chini linateleza kwenda kando ndipo meno yafunge, basi kifaa katika umri huu ni fedha iliyotumika vizuri. Kuliacha taya liteleze miaka yote ya kukua kunaweza kuupeleka uso upande. Lakini kama magego yanakutana sawasawa na shida ni kubanana tu mbele, kusubiri huku tukilinda akiba ya magego ya utoto ni njia halali kabisa, na unaweza kumwomba daktari wako akueleze kwa nini asisubiri. Muda bado upo. Mshono wa kaakaa hukazana taratibu katika ujana, na kufikia miaka 14 au 15 kuupanua huanza kuwa kazi ngumu zaidi, kwa wengine hata kuhitaji upasuaji baadaye.

Kuhusu gharama, omba rufaa kwa daktari bingwa wa kupanga meno hata kama ni kwa ushauri wa mara moja. Hawa si wengi nchini, na Dar es Salaam ndiko wanakopatikana kwa urahisi zaidi, pamoja na Muhimbili ambako chuo kikuu kinafundisha udaktari wa meno. Nenda na picha zozote za eksirei ulizonazo ili mtoto asipigwe upya bila sababu, na uulize gharama yote mpaka mwisho, si bei ya kifaa peke yake: mahudhurio, kifaa cha kushikilia baadaye, na uwezekano wa waya akifika miaka kumi na miwili.

Yako mambo ambayo hayangoji miadi ya mwezi ujao. Jino la mbele la juu lililoota likafungia nyuma ya la chini, maana linaumiza fizi na jino la chini. Taya linalokwama likishindwa kufunguka au kufunga. Uso unaovimba upande mmoja. Na akifika miaka kumi, mguse kwenye fizi juu ya mahali chonge za juu zitakapoota. Usipohisi uvimbe mgumu wa jino linalokuja kwa pande zote mbili, au ukahisi upande mmoja tu, arudi kwa daktari, kwani chonge ikipotea njia ndani ya mfupa ni rahisi kuielekeza mapema.

Jioni hii, kabla hajalala, kama hana mafua, mpe maji funda moja ashike mdomoni bila kumeza, midomo imefungwa, kwa dakika moja. Mtoto mwenye pua nzuri ataona ni mchezo. Akishindwa, akatema kutafuta hewa, andika tarehe, na daktari wa pua aisikie habari hiyo kabla hujamwonyesha meno.